Kabla mwanao hajapanda Usambara, ijue damu yake

Shule zikikaribia kufunga mwezi Juni, msimu wa safari za wanafunzi nao hufika. Zamani ilikuwa kwenda Mwanza kuona ziwa, au kuingia Serengeti ambayo kwetu Simiyu ni jirani. Siku hizi vijana wanataka milima. Mama mmoja alinijia kliniki hapa Bariadi na karatasi ya shule mkononi: siku nne kwa miguu katika milima ya Usambara, kuanzia Lushoto, kupita msitu wa Magamba, kulala Rangwi na vijiji vingine vya njiani, na kumalizia Mtae. Mwanawe ana miaka 14 na anaishi na sikoseli. "Daktari, nimruhusu au nimkatalie?"

Namjibu hapa mbele yenu wote kwa sababu swali hilo si lake peke yake. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli kila mwaka nchini, na Kanda yetu ya Ziwa ina sehemu kubwa ya mzigo huo. Katika kanda hii, takriban mtoto mmoja kati ya watano amerithi chembe ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja. Huyo hajaugua, ni mbebaji tu. Aliyerithi kwa baba na kwa mama ndiye mgonjwa, na wapo wengi wanaofika darasa la saba bila kupimwa. Utasikia wanaitwa wavivu, au homa zao na maumivu ya viungo yanatafutiwa mchawi jirani.

Kwa mwenye sikoseli, chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, hujikunja kama mundu pale hewa ya oksijeni inapopungua ndani ya damu. Zikijikunja hukwama katika mishipa midogo, na sehemu iliyo mbele hukosa damu. Hapo ndipo mtoto analia kwamba mifupa inapasuka.

Sasa mlima unamfanyia nini mtoto huyu? Wengi huwaza hewa nyembamba kwanza. Ni kweli, ila Usambara si Kilimanjaro. Kileleni Uhuru, meta 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na mgonjwa wa sikoseli hana la kutafuta huko. Njia ya Lushoto hadi Mtae hubaki chini ya meta 2,500, ambapo ugonjwa wa mwinuko kwa mtu mwenye afya ni nadra. Hata hivyo kwenye meta 2,000 hewa imeshapungua kufikia takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, na kwa damu ya sikoseli hilo si jambo dogo ukiongeza na mengine.

Mengine yenyewe ndiyo hasa ninayoyaogopa. Baridi ya Juni milimani inaweza kushuka usiku hadi karibu nyuzi 10, na sisi watu wa mbuga tunakwenda na sweta moja la shule. Baridi hubana mishipa ya damu. Kuoga kwenye kijito cha msituni, jambo ambalo kila kijana atataka kufanya, kunaweza kuamsha maumivu jioni hiyohiyo. Halafu maji: penye ubaridi mtu hasikii kiu, anapanda saa nne na chupa moja, na figo za mgonjwa wa sikoseli hazijui kubana maji kama za wengine, hupoteza mengi kwenye mkojo. Na safari yenyewe haianzii Lushoto. Inaanzia stendi ya Bariadi, zaidi ya siku nzima ndani ya basi kupitia Singida na Arusha hadi Mombo, ambapo watoto hujinyima maji makusudi ili wasisumbue dereva kusimama.

Nilimgeukia kijana mwenyewe, maana umri huo wana yao. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema, "Naogopa wenzangu wakinisubiri njiani." Mzazi, hapo ndipo penye hatari. Mtoto wa namna hiyo akianza kuumwa goti atanyamaza, atakaza mwendo asionekane dhaifu, na mwalimu atajua pale anaposhindwa kusimama, saa tatu kwa miguu kutoka barabara ya gari.

Jibu langu kwa mama lilikuwa hili. Siku nne mfululizo kwa miguu, hapana. Kwenda Lushoto na wenzake, ndiyo, kwa masharti. Kijana huyu hajalazwa wala kuongezewa damu kwa zaidi ya mwaka, anameza haidroksiurea na foliki asidi kila siku, na anahudhuria kliniki. Atembee njia fupi, kwa mfano kwenda Irente kutazama bonde na kurudi siku hiyohiyo. Wenzake wakiwa msituni, yeye apande gari na mwalimu mmoja wakutane nao jioni. Angekuwa amewahi kupata kiharusi, au ugonjwa wa kifua uliomlaza, au kaongezewa damu miezi michache iliyopita, ningemwambia abaki nyumbani. Sipendi kuwafungia watoto hawa ndani kama mayai, lakini kuna safari ambazo si zao.

Begi lake liwe na dawa za siku zote pamoja na akiba ya wiki moja, ikiwemo ya kukinga malaria kama ameandikiwa, paracetamol, kipimajoto, soksi nzito, kofia na blanketi. Diclofenac asipewe ovyo, hasa mwili ukiwa umekauka, kwa sababu ya figo. Anywe maji kila baada ya nusu saa hata bila kiu, na mkojo ukigeuka mweusi kama chai ya rangi apumzishwe na anyweshwe. Wazazi wa Kisukuma mnaouliza chakula, michembe na matobolwa mnavyofunga ni vizuri sana kwa safari, ni vyepesi na havichachi. Viteremshwe na maji tu.

Mwalimu apewe barua ya ukurasa mmoja, na aambiwe kwa mdomo pia. Joto la mwili likifika nyuzi 38, kijana afikishwe hospitali siku hiyo, hata kama anacheka. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, weupe wa ghafla wa ulimi na viganja, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au mdomo kupinda na mkono kulegea. Kwa wavulana kuna jambo wanalolificha kwa aibu: uume kusimama kwa maumivu bila kulala. Zikifika saa nne ni dharura kamili, na kuchelewa kunaweza kumwondolea nguvu za kiume maishani. Mwambieni kabla ya safari, baba ndiye anayefaa zaidi. Lushoto kuna hospitali ya wilaya, na Tanga mjini kuna Bombo. Simu za huko mwalimu awe nazo kabla ya kupanda.

Wazazi wengine msifunge gazeti. Mtoto asiye na sikoseli akipata homa siku ya tatu milimani, viongozi wa safari hudhani ni baridi, kwa sababu huko juu mbu ni wachache. Lakini malaria huchukua siku saba hadi kumi na nne mwilini kabla ya kuonekana. Homa ya Rangwi inaweza kutokana na mbu wa Bariadi, Itilima au Busega. Apimwe, na akikutwa nayo apewe dawa mseto. Pia wasishike panya waliokufa, wala kulala sakafuni. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni kuanzia 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, na homa yenye tezi zilizovimba kwenye kinena au kwapa haisubiri.

Wabebaji, wale wa chembe ya mzazi mmoja, wanaweza kutembea Usambara kama mtu mwingine yeyote, wakinywa maji na wakipumzika. Wakienda Kilimanjaro, kama makundi mengi yanavyofanya kuelekea 9 Desemba, wajue kwamba kwa nadra bandama lao hukosa damu huko juu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto maana yake ni kushuka mara moja, si kumeza dawa na kuendelea.

Kama mwanao alivimba mikono na miguu akiwa mchanga, macho yana manjano, au ameshaongezewa damu zaidi ya mara moja, usisubiri barua ya shule. Mlete apimwe sikoseli, kisha njoo na wadogo zake pia. Yule kijana tumepangiana kuonana wiki moja kabla ya safari, nimpime wingi wa damu na bandama, ndipo nitie sahihi.