Rangi za Kope (Sehemu ya Tatu): Je, Rangi za Paleti Moja ni Lazima Zipatane?

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulianzia Misri ya kale, ambako watu walisaga malakiti ya kijani na galena nyeusi juu ya vibao vya mawe ili kupaka macho. Katika sehemu ya pili tulieleza kinachoshindiliwa ndani ya visahani vya paleti za leo: talki, ulanga unaometameta, oksidi za chuma na unga mweupe wa titani. Leo tunaingia kwenye swali linalomkabili kila anayesimama mbele ya kabati la duka la vipodozi akiwa na fedha yake mkononi. Je, rangi zilizomo ndani ya paleti moja ni lazima zipatane, au inatosha ziwe nyingi?

Nianze na mkono wa binti mmoja. Binti wa mdogo wangu alipokuwa akijiandaa kuolewa, alijinyima akanunua paleti ya visahani 12, vyote vya jamii ya kahawia na waridi. Ukikifunua kifuniko unaona mpangilio safi kabisa, kila rangi ikimfuata mwenzake taratibu kama ngazi. Jioni moja alinijia amejipaka, uso umemshuka.

“Shikamoo mama mkubwa. Hebu niangalie, mbona kama sijapaka kitu?”

“Marahaba mwanangu. Lete hiyo paleti, tusogee dirishani.”

Nikamshika mkono, nikachora mistari 12 kwa kidole juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo ngozi yake inalingana na ya usoni. Yeye ni mweusi, tena weusi ule wa kung'aa. Mistari mitano ilimezwa na ngozi papo hapo. Miwili ilipauka kama majivu. Ikabaki mitano, na kati ya hiyo, mitatu hatukuweza kuitofautisha hata kwa mwanga wa dirishani. Alikuwa amelipia rangi 12, akapata tatu. Paleti ile ilipatana vizuri sana yenyewe kwa yenyewe. Haikupatana naye.

Tangu siku ile nimeona kwamba swali letu ni maswali mawili. La kwanza ni kama rangi zinapatana zenyewe kwa zenyewe. La pili ni kama zinapatana na ngozi itakayozibeba. Watengenezaji wengi hujibu la kwanza, na wanunuzi hulipia la pili.

Tuanze na la kwanza. Wapo wanaosema upatanifu ni mazoea tu, kwani hata kanga zetu huweka nyekundu kando ya kijani na zikapendeza. Ni kweli zinapendeza. Lakini tuitazame kanga kwa makini. Pindo lina mipaka yake, mji una yake, na jina limekaa ndani ya kisanduku chake. Kwenye kanga rangi hukaa jirani, kila moja nyumbani kwake. Kwenye kope hakuna mpaka. Kazi yote ya brashi ni kuufuta mpaka, isionekane rangi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kwa hiyo kwenye kanga rangi ni majirani, na kwenye kope zinaoana na kuzaa. Nyekundu na kijani zikikaa jirani, kila moja humchangamsha mwenzake. Ukizisugua pamoja juu ya mkunjo wa kope, mtoto wao ni rangi ya tope. Rangi ya chungwa na samawati ni vivyo hivyo, na manjano na zambarau pia.

Kwa sababu hiyo kipimo changu cha upatanifu hakitazami jinsi visahani vinavyofanana vikiwa ndani ya boksi. Kinauliza jambo moja: rangi hizi mbili zikichanganyika, zinazaa nini? Zikizaa rangi ambayo ungependa kuiona usoni pako, zimepatana. Zikizaa tope, hazikupatana, hata kama mpangilio wake unavutia kiasi gani.

Hapa kemia inatusaidia kuelewa kwa nini paleti za rangi za udongo hupatana bila taabu. Kahawia, kutu, manjano iliyokolea, wekundu wa matofali na weusi laini, kwa sehemu kubwa, hutokana na mama mmoja, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Kuna oksidi ya chuma nyekundu, kuna ya manjano yenye maji ndani yake, na kuna nyeusi. Ukiichoma ile ya manjano, maji huondoka na inageuka nyekundu. Ni chuma hichohicho kinachoupa udongo mwekundu rangi yake, ule udongo unaotia madoa kwenye nguo nyeupe wakati wa masika, na ndicho kilichomo katika udongo mwekundu ambao Wamasai wamejipaka kwa vizazi na vizazi. Rangi hizi ni ndugu wa tumbo moja, na ukizichanganya hazitoki nje ya ukoo. Samawati ya ultramarini, kijani ya kromiamu na urujuani wa manganizi ni watu wa koo nyingine. Si rangi mbaya hata kidogo, ila kuwaingiza katika nyumba ya chuma kunahitaji akili.

Ujirani nao una nguvu zake, na aliyetufundisha hili kwa ushahidi ni mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Mwaka 1824 aliteuliwa kusimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, Paris. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana ile hazikolei. Alipozichunguza, aligundua kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichoififisha machoni pa watazamaji ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, akaeleza jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyobadilishana sura machoni. Mpambaji wa leo analiona hilo kila siku. Dhahabu ileile huwaka kama moto kando ya zambarau iliyokolea, na hulala kando ya kahawia nyepesi.

Biashara ya vipodozi ilijifunza somo la upatanifu, na ikalipenda mno. Mwaka 2010 kampuni ya Marekani ya Urban Decay ilitoa paleti iliyoitwa Naked, visahani 12 vya kahawia, shaba na kijivu, na ikauzwa kwa miaka minane kabla ya kuondolewa sokoni mwaka 2018. Baada yake kila kampuni ilitaka kahawia zake. Mwaka 2016 Anastasia Beverly Hills ilitoa Modern Renaissance, visahani 14 ambavyo baadhi vilipewa majina ya rangi za wachoraji wa kale, kama umba ya Cyprus na udongo wa Siena. Mimi niliyefundisha uchoraji kwa miaka mingi naiheshimu paleti hiyo. Ina wekundu, ina waridi, ina manjano ya udongo, ina kahawia nzito, na bado ukichukua rangi mbili bila kuchagua, mara nyingi mtoto wao anavalika.

Sasa tuje kwenye swali la pili, la ngozi. Hapa ndipo rangi nyingi zinazopatana ndani ya boksi zinapotuangusha sisi. Rangi ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna aina yake, kwamba ni nyekundu au ni kahawia, na kuna mwanga wake, kwamba ni nyepesi au ni nzito. Kwenye ngozi nyeupe ya Mzungu, kahawia 12 zinazokaribiana bado huonekana, kwa sababu zote ni nzito kuliko ngozi, na kila moja inaacha kivuli chake. Kwenye ngozi nyeusi, nusu ya kahawia hizo zina uzito uleule wa ngozi, kwa hiyo zinazama. Zile nyepesi mara nyingi zimepata wepesi wake kutoka kwenye unga mweupe wa titani, na unga huo juu ya weusi hutoa kijivu. Ndiyo maana kope hupauka, na mpakaji akadhani amekosea mkono.

Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni hii: rangi za paleti ziwe karibu kwa ukoo, lakini ziwe mbali kwa mwanga. Awepo mzito anayetia kina kwenye kona ya nje ya jicho. Awepo wa kati anayebeba kope yenyewe. Awepo wa kuunganisha, anayekaribiana na ngozi, kwa ajili ya mkunjo. Awepo wa kung'aa kwa kona ya ndani, na mng'ao wake uwe wa dhahabu au shaba badala ya weupe wa chokaa. Paleti yenye hao wanne ina kazi kuliko yenye ndugu 12 wenye kimo kimoja.

Na mgeni je? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwenye paleti nimeona ukweli wake. Rangi moja ya ukoo mwingine, ikiwekwa kwa makusudi, huwaponya wenyeji wote. Huda Beauty, kampuni yenye makao Dubai, mji ambako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Mombasa huenda kufunga mizigo, ilitoa paleti ya Desert Dusk mwaka 2017. Kati ya visahani vyake 18, rangi za kutu na chungwa zimekaribisha zambarau, na zambarau hiyo ndiyo inayozitoa zile nyingine jangwani. Chichi Eburu, mzaliwa wa Nigeria aliyeanzisha Juvia's Place huko Marekani, alipita njia ya ujasiri zaidi. Paleti zake hubeba rangi kali na nzito zinazosimama juu ya ngozi nyeusi bila kuomba ruhusa. Huko unakuta samawati karibu na chungwa, na bado kuna kahawia za kuwapatanisha. Mgeni akiwa mmoja au wawili, nyumba inachangamka. Wakiwa kumi, hakuna mwenyeji tena.

Nikiri kwamba upande wa pili una hoja ya haki. Mpambaji wa maharusi, ambaye leo anahudumia mweusi tii na kesho mweupe wa maji ya kunde, anahitaji sanduku pana. Paleti zenye visahani 35 na zaidi zimetengenezwa kwa mkono kama wake, na kumdai upatanifu ndani ya boksi ni kumfunga. Lakini mtazame akiwa kazini. Kwenye uso mmoja anachovya brashi katika visahani vinne au vitano tu, na hivyo amevichagua kwa upatanifu. Upatanifu anao kichwani. Sisi wengine, ambao tunajipaka Jumamosi moja baada ya nyingine, tunamlipa mtengenezaji atufanyie uchaguzi huo. Tuseme paleti ya visahani 12 ni shilingi 36,000. Ukitumia vyote, kila kisahani kimekugharimu 3,000. Ukitumia vinne, kila kimoja ni 9,000, na vinane vilivyobaki vinakusanya vumbi la fedha yako. Kwa mwenye kipato cha kawaida, kutaka rangi zipatane ni kulinda jasho lake.

Kabla ya kununua, basi, fanya mambo matatu. Ipige paleti picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona visahani vyote vimekuwa kijivu kimoja, irudishe kabatini, maana haina umbali wa mwanga. Pili, ukiruhusiwa kujaribu, sugua rangi mbili zilizo mbalimbali zaidi, uone zinazaa nini. Tatu, zijaribu pale ambapo ngozi yako inalingana na ya usoni, kisha utoke nje ya duka, maana taa za dukani huficha mengi.

Yule binti wa mdogo wangu hakununua paleti nyingine. Katika ile aliyokuwa nayo tulitoa rangi moja tu, damu ya mzee, ambayo ilikuwa imejificha kwenye kona ya mwisho. Nyumbani tulikuwa na wanja, na kutoka kwenye kisahani kikuukuu cha mama yake tukapata dhahabu. Siku ya harusi alijifunga kisutu, kanga ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo mabibi harusi wa pwani wamevaa tangu enzi za bibi zetu, na ndipo nilipoona kwamba kope zake zimeifuata nguo yake: wekundu mzito, weusi wa wanja, na mwanga mmoja kwenye kona ya jicho. Rangi tatu zilitosha, kwa sababu zote tatu zilionekana.

Wiki ijayo, katika sehemu ya nne, tutazungumzia zile rangi kali ambazo sheria za Marekani hazikuidhinisha zitumike karibu na jicho, na jinsi ya kuzitambua kwa kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya boksi.