Nyasi Nazo ni Shamba: Utangulizi wa Usomaji wa Mandhari

Ukitoka Songea kuelekea Mbinga, milima ya Umatengo hukujia taratibu, kwanza kama vivimbe vya mbali, kisha kama kuta pande zote mbili za barabara. Mara ya kwanza nilipofika huko, masika yalikuwa yanaelekea ukingoni. Niliona mashamba ya mahindi, migomba na kahawa vikizunguka nyumba, na juu yake kilima kirefu kilichovaa unyasi mtupu. Nikaandika kwenye daftari langu: nyasi, hapalimwi.

Kesho yake nilikipanda kilima kile kwa miguu. Katikati ya mteremko nilimkuta mama wa makamo akishuka na mzigo wa kuni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?”

“Sijapotea, mama. Natazama kilima. Hapa pana mwenyewe?”

Akatua mzigo. “Hili ni shamba letu, limelala. Hebu toka kwenye njia, pita humu kwenye nyasi.”

Nikapita. Mguu wa kwanza ulizama hadi nusu ya goti, wa pili ukapanda juu ya tuta, wa tatu ukazama tena. Nilijaribu kwenda upande, ikawa vilevile. Chini ya unyasi ule ardhi yote ilikuwa imegawanywa miraba, kila mraba na shimo lake, mpaka upeo wa macho. Nyayo zilikuwa zimesoma kwa dakika moja kile ambacho macho yalikikosa siku nzima.

Taaluma ninayokukaribisha ndani yake inaanzia katika tukio kama hilo. Tunaiita usomaji wa mandhari, na inachukua kilima, kijito, njia ya ng'ombe na mpaka wa shamba kama mwanahistoria anavyochukua barua na hati. Ina jamaa wengi: jiografia, akiolojia, elimu ya udongo, botania, isimu. Kama umetoka katika mojawapo ya hizo, karibu. Kama umetoka shambani tu na jembe lako, karibu zaidi, kwa maana nusu ya kazi umekwisha kuijua.

Mashimo yale huitwa ngolo, na wengine husema ngoro. Simulizi za wenyeji huyahusisha na karne ya 19, Wangoni walipoingia nyanda za Songea na Wamatengo wakajikuta wamebanana milimani, ambako ilibidi kulima miteremko mikali ya kutambaa kwa mikono. Kazi huanza masika yanapokaribia kwisha. Wanaume hukata unyasi kwa nyengo, huuacha ukauke siku kadhaa, kisha huupanga chini kwa mistari inayokatana, mmoja wa kushuka na mmoja wa kukingama, mpaka kilima kionekane kama wavu uliotandazwa. Kila jicho la wavu huo lina upana wa hatua moja na nusu au mbili. Hapo wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya mraba na kuutupa juu ya mistari ya nyasi upande huu na huu, wakapanda maharage, wakayafunika kwa udongo mwingine kutoka shimoni mlemle. Mwisho wa kazi, nyasi zimezikwa ndani ya matuta na katikati pamebaki shimo.

Nawaomba wanafunzi wangu wasiipite hatua hiyo haraka. Nyasi zilizozikwa zinapoanza kuoza, huvuta naitrojeni kutoka kwenye udongo, na mmea wenye njaa kubwa kama mahindi ungedhoofu hapo. Maharage hujitafutia naitrojeni yake kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini, kwa hiyo hutangulia. Mahindi hufuata msimu unaokuja wa mvua, juu ya matuta yaleyale, nyasi zikiwa zimekwisha kuwa mbolea, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yakaoze nayo. Baadaye shamba hulala, unyasi hurudi, na siku ya kulifufua mashimo mapya hayachimbwi palepale pa zamani; pale palipokuwa tuta pana zamu yake ya kuwa shimo. Kwa hiyo ule unyasi niliouandikia “hapalimwi” ulikuwa ni akiba ya mbolea inayosubiri nyengo.

Na mvua? Simama kwenye ngolo siku ya mvua kubwa, hata kama utalowa. Maji hayapati mbio. Kila shimo huyashika kidogo, udongo uliobebwa hutua humo, na maji hupenya polepole au huvujia shimo la chini. Vijito vya bondeni hubaki na afadhali ya rangi wakati mito ya kwingine inakwenda kama chai ya maziwa.

Kuna neno jingine la huko ninalolipenda sana: ntambo. Ni ubavu wa mlima ulio kati ya vijito viwili, ambao ukoo mmoja huushika kuanzia mgongo wa juu mpaka maji ya bondeni. Juu hubakizwa miti, kati huwa na ngolo, nyumba na kahawa hukaa penye ahueni ya mteremko. Ramani ya serikali huonyesha kijiji na kata, ntambo haimo. Mtu wa ramani akifika pale ataona vipande vya ardhi visivyo na mpangilio, na mtu wa ntambo ataona kaka, shemeji na urithi wa watoto. Majina kama haya ni nyaraka. Hata jina la Wamatengo lenyewe huhusishwa na kitengo, yaani msitu mnene katika lugha yao, nawe ukitazama vilima vya nyasi vya leo unajua swali lako la kwanza: msitu ulikwenda wapi, nani aliukata, na kwa shida gani?

Kutosoma kuna gharama, na historia ya nchi zetu imejaa gharama hiyo. Katika Milima ya Uluguru, wakoloni Waingereza waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Udongo mzuri wa pale ni mwembamba. Kuchimba ngazi kuliufukia na kuuleta juu ule wa chini usio na rutuba, na kazi ikawa nzito kuliko mavuno. Walioamuru hawakuwa wamewauliza akina mama waliolima miteremko hiyo. Mwaka 1955 watu wakakataa, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Mimi sioni ukaidi katika kukataa kule. Naona watu waliokuwa wameusoma mlima wao, wakitiwa adabu na watu ambao hawakuusoma.

Huko Machakos, Kenya, hadithi ni ndefu zaidi na ina faraja. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti ya kutisha juu ya vilima vya Ukambani: vimeliwa na mmomonyoko, havina tumaini. Wakati huo wilaya ilikuwa na watu kama 240,000. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao kuhusu vilima vilevile, watu wakiwa wamefika kiasi cha milioni 1.4, na wakaonyesha kuwa mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti imeongezeka. Kazi kubwa ilifanywa na vikundi vya wenyewe kwa wenyewe, wanawake wakiwa wengi, waliochimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, wakapanda nyasi kwenye tuta ili mvua za miaka mingi zimalizie kulisawazisha shamba. Mtindo huo unaitwa fanya juu, na ndivyo unavyoitwa hata katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo. Lugha yetu imo katika msamiati wa dunia wa fani hii kwa sababu ya majembe ya watu wale.

Sasa, ukitaka kuanza. Chagua kilima kimoja, kiwe karibu na kwenu, na ukipande mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha. Panda masika na panda kiangazi. Nenda alfajiri au jua linapokuchwa, kwa sababu mwanga wa ubavuni hulaza vivuli katika kila shimo la zamani na kila tuta lililosahaulika, wakati jua la utosini hufuta yote. Tazama mimea: kiduha kikishamiri kwenye mahindi, udongo umechoka, unyasi ukiwa mrefu na mnene, shamba limepumzika vya kutosha. Uliza jina la kila kitu kwa lugha ya mahali, na uandike jinsi lilivyotamkwa kabla hujalitafsiri. Usipite shamba la mtu bila kubisha hodi. Ukikuta watu wanalima, omba jembe usaidie kidogo, maana mgongo unaouma hukumbuka mpangilio wa kazi vizuri kuliko daftari.

Na umsikilize zaidi anayelima. Wageni wengi wa fani hii wamehojiana na wazee wa kiume barazani, wakaondoka na habari za mipaka na machifu. Habari za kina cha shimo, za nyasi ipi inaoza upesi na ipi inachelewa, ziko kwa wanawake walioinama mteremkoni, na huwa hawana nafasi ya kukaa barazani siku ya kazi. Inabidi uwafuate juu.

Sura inayofuata inaanzia chini kabisa, kijitoni. Ntambo huhesabiwa kutoka maji hadi maji, na tutaipanda kwa mpangilio huohuo, hatua kwa hatua, mpaka kwenye miti ya mgongoni.