Nyumba ya Malolo na miti inayoteketezwa kwa ajili yake

Kitunguu ndicho kinachojenga Malolo. Msimu ukiwa mzuri, mkulima wa bonde hili la Kilosa hununua bati, huita fundi, kisha hufyatua tofali. Baada ya wiki chache tanuri husimama kando ya kiwanja: tofali zimepangwa juu kwa juu, ubavuni zimekandikwa udongo, na chini kuna midomo iliyoshindiliwa magogo. Moto huwashwa usiku na mchana hadi tofali ziive. Nyumba inayopatikana ni imara na inampa mwenyewe heshima. Lakini kabla mtu hajalala ndani yake hata usiku mmoja, imekwishateketeza miti mingi.

Tukizungumzia nyumba rafiki kwa mazingira, wengi wetu hukimbilia taa za sola na balbu za kubana matumizi. Ni vitu vyema, ila taa haijawahi kukata mti Malolo. Miti huishia kwenye tanuri na jikoni.

Jikoni hakuhitaji fedha nyingi kuanza. Mafiga matatu huacha moto uvuje pande zote, ilhali jiko banifu la udongo huukusanya chini ya sufuria. Kuni zilizokauka na kupasuliwa ndogo hutoa moshi mchache. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi, na sufuria ya wali ikiepuliwa mapema na kufunikwa ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, wali humalizikia humo bila kuni hata moja. Si suala la miti pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na anayeinamia moto huo kila siku ni mama, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni.

Kwa nyumba yenye umeme kuna njia nyingine. Maji ya mto Ruaha Mkuu yanayopita ukanda huu hushuka hadi Kidatu, kwenye mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 204. Wateja wadogo wa TANESCO, wasiozidisha uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Jiko la presha la umeme huivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja. Linganisha na kopo la mkaa. Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe, na hapo ndipo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, utakapopimwa: je, jiko hilo litafika hadi kwa mkulima wa kitunguu?

Mkaa hautaondoka kesho, na Kilosa inalijua hilo kuliko wilaya nyingi. Tangu 2012 baadhi ya vijiji vyake, vikisaidiwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA, vimekuwa vikivuna msitu kwa vitalu, visiki vikiachwa vichipue, na kitalu kilichovunwa kikipumzishwa miaka 24. Huo ni utaratibu wa kulindwa.

Joto la bondeni nalo lina dawa yake, ikiwa fundi ataambiwa kabla ya kuchimba msingi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la jioni likutane na ukuta mfupi. Bati litokeze nje vya kutosha kufunika madirisha kwa kivuli. Dari iwekwe, na upande wa magharibi upandwe mwembe.

Kuhusu tofali, jibu lipo nchini. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza tofali za kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali hukaa kivulini zikimwagiliwa hadi zikomae. Hazichomwi, na kwa kuwa zinashikana zenyewe, hazili saruji nyingi wakati wa kujenga. Mashine moja inaweza kuhudumia kijiji kizima, na fedha ya kuinunua inaweza kutoka kwenye mkopo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilianza kutolewa tena mwaka 2024, na kikundi cha vijana kinachotafuta mradi hapa kina wateja tayari kila baada ya mavuno.