Chembe za Damu Zinapomwonya Mganga

Mshipa wa moyo ukiziba, nyama ya moyo huanza kufa. Mwaka 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipanua kwa puto mshipa wa moyo uliosonga. Leo njia hiyo huokoa wengi. Hata hivyo, kuzibuliwa si mwisho wa hatari.

Chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hukimbilia penye jeraha. Limfosaiti hupungua mwili unapotaabika. Kwa mtu mwenye afya, nyutrofili huwa takriban mara 1 hadi 3 ya limfosaiti. Uwiano ukipanda sana, mganga hujua kuwa mgonjwa yu hatarini zaidi, naye humchunga kwa makini. Kipimo chenyewe ni hesabu ya kawaida ya damu.

Jeraha hupanuka kadiri mgonjwa acheleweshwavyo. Kwa hiyo kifua kikibana, jamaa wasingoje kupambazuke. Wampeleke hospitali mara moja.