Laptopu ya Mtumba na Majaribio Yasiyoisha

Laptopu ya mtumba ikiletwa kwa fundi wa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege wa Beni, huenda umri wake umeshapita miaka kumi. Fundi akiiwekea Linux, kila picha kwenye kioo itategemea draiva ya grafiki, yaani programu inayogeuza amri za kuchora kuwa lugha ya chipu. Nyingi za draiva hizo zimo katika Mesa, mradi ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993.

Draiva hupimwa kwa kuchorishwa. Jaribio huchora pembetatu, huipaka rangi, kisha husoma nukta kadhaa na kuzilinganisha na rangi zilizotarajiwa. Kazi ndogo. Tabu ni wingi: mkusanyo rasmi wa Vulkan, kiolesura cha programu za grafiki, una majaribio zaidi ya milioni moja, na msimbo wa Mesa hubadilika kila siku.

Kwa hiyo majaribio huchaguliwa. Kwanza hutazamwa faili zilizoguswa: aliyerekebisha draiva ya AMD hana sababu ya kusumbua mashine za Intel. Pengine huchukuliwa jaribio moja katika kila kumi, kwa imani kwamba majirani zake wangenasa kosa lilelile. Halafu kuna orodha tatu: yanayojulikana kufeli, yanayorukwa kwa kuwa hugandisha mashine au hula muda, na vigeugeu, yanayofaulu leo na kufeli kesho bila mtu kugusa kitu. Hii ya mwisho ndiyo inayonitia shaka. Kosa la kweli lisilotokea kila mara linaweza kukaa humo miaka mingi, likihesabiwa kuwa kelele tu.

Tena, jaribio linahitaji chipu yenyewe. Mesa ilipoondoa draiva zake za kizamani mwaka 2022, chipu za Intel za mwaka 2010 hivi zilibaki mikononi mwa draiva mpya, Crocus. Pasipo maabara yenye mashine kama hizo, wa kwanza kukutana na kosa ni mwenye kompyuta.

Fundi anaweza kujipimia kwa Piglit, mkusanyo wa bure wenye seti fupi na ndefu. Aiendeshe kabla ya kusasisha draiva na baada yake, apate ukurasa unaotenga yaliyofeli upya. Umeme ukikatika, ipo amri ya kuendelea pale zoezi lilipokomea. Akiwaandikia watu wa Mesa, ataje jina la jaribio lililofeli na aina ya chipu. "Picha zinaharibika" haiwapi pa kuanzia.