Je, Wajua? Kabla ya kumnunulia mtoto asiyetulia kopo la virutubisho

Mtoto asiyeweza kukaa kwenye dawati, anayepoteza daftari kila wiki, anayejibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, wazazi wake wameshasikia kila neno: mtundu, mtukutu, hajafundwa. Baadhi ya watoto hao wana hali ambayo madaktari huiita ADHD, ambapo ubongo hupata shida kushika jambo moja na kujizuia. Mzazi akishaambiwa hivyo, hakosekani jirani wa kumwambia ajaribu mafuta ya samaki, zinki, au vitamini za ubongo zinazouzwa duka la dawa pale kona. Mengine katika hayo yana ukweli ndani yake, mengine yana hatari, na tofauti yake mara nyingi huonekana kwenye damu ya mtoto mwenyewe.

Je, wajua kwamba sukari imesingiziwa? Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Hoover na Milich, waliwaita akina mama walioamini kwamba sukari inawavuruga watoto wao wa kiume wa miaka 5 hadi 7. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Kundi moja la akina mama likadanganywa kwamba watoto wao wamekunywa sukari nyingi. Hao ndio waliosema watoto wao hawashikiki, na walionekana wakiwafuata kwa karibu zaidi na kuwakosoa zaidi. Mwaka uliofuata uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja haukuona sukari ikibadilisha tabia ya watoto. Punguza sukari kwa ajili ya meno na uzito, lakini usilaumu kipande cha keki kwa utukutu wa mtoto.

Rangi za vyakula, hata hivyo, zina kesi ya kujibu. Daktari wa mzio wa San Francisco, Benjamin Feingold, alianza kuzishuku hadharani mwaka 1973, na kwa miaka mingi wataalamu wengi hawakumkubali. Kisha mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 hadi 9 vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi na kihifadhi cha sodiamu benzoeti, wakalinganisha na vinywaji visivyo na vitu hivyo. Utukutu uliongezeka kidogo, hata kwa watoto wasio na tatizo lolote. Tangu Julai 2010, chakula kinachouzwa Umoja wa Ulaya chenye rangi yoyote kati ya sita, tatrazini ikiwemo, lazima kibandikwe onyo kwamba kinaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Athari hiyo ni ndogo na haimpati kila mtoto. Lakini kumpunguzia soda za rangi, pipi na ubuyu uliokolea wekundu hakuhitaji cheti cha daktari wala hela ya ziada.

Je, wajua kwamba mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki ni vitu viwili? Yale yatokanayo na nyama ya samaki yana omega-3. Yale ya ini yana omega-3 pamoja na vitamini A na D kwa wingi, na hizo mwili haukojoi ziada yake, huziweka akiba. Mzazi anayeongeza vijiko ili omega-3 ifike kiwango kikubwa, anaweza kumzidishia mtoto vitamini A hadi ini likaumia. Soma chupa vizuri.

Na je, omega-3 yenyewe inasaidia? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walijumlisha majaribio 10 yenye watoto 699 wakapata nafuu ndogo, pungufu sana ya ile inayoletwa na dawa za hospitali. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, wa mwaka 2023, uliokusanya majaribio 37, haukuona faida ya kuridhisha kwa sehemu kubwa ya dalili. Ningekuwa na pesa ya kopo moja la vidonge hivyo, ningenunua samaki wa familia nzima.

Zinki ina hadithi ya kuvutia zaidi. Majaribio ya Uturuki na Iran, yote ya mwaka 2004, yalionyesha kwamba watoto wenye ADHD waliopewa zinki walipata nafuu, ingawa kule Uturuki nafuu ilikuwa kwenye utukutu na pupa, si kwenye umakini. Jaribio la Marekani la mwaka 2011 lenye watoto 52 halikuona zinki pekee ikifanya lolote kuliko kidonge kisicho na dawa. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba ukanda wa Uturuki na Iran una upungufu wa zinki wa siku nyingi. Ni Iran na Misri ambako Dk. Ananda Prasad aliutambua kwa binadamu miaka ya 1960, miongoni mwa watu walioishi kwa mikate isiyochachushwa. Nafaka zisizokobolewa na kunde zina kemikali iitwayo fitati, inayoshika zinki na chuma visinyonywe tumboni. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha huipunguza, kwa hiyo uji wa kimea na uji uliochachuka una faida ambayo bibi zetu hawakuhitaji maabara kuigundua.

Sasa tuje kwenye madini ya chuma, maana hapa ndipo pana mengi kwa mzazi wa Afrika Mashariki. Ubongo unahitaji chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali ileile ambayo dawa nyingi za ADHD huigusa. Mwaka 2004 madaktari wa Paris walipima feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kwa watoto 53 wenye ADHD na 27 wasio nayo. Katika kundi la kwanza, asilimia 84 walikuwa na akiba ndogo. Katika la pili, asilimia 18 tu. Jambo la kushangaza ni kwamba mtoto anaweza kupimwa damu akaambiwa wingi wake uko sawa, kumbe akiba imekwisha. Kipimo cha kawaida cha damu hakionyeshi hilo. Feritini ndiyo inayoonyesha. Nayo isipimwe mtoto akiwa na homa, kwa sababu maambukizi huipandisha, ikaonekana nzuri wakati si nzuri. Ukimkuta mtoto anakula udongo, anatafuna barafu kila siku, amepauka viganja na anachoka kabla ya wenzake, mwambie daktari. Kuna minyoo ya safura pia, inayonyonya damu taratibu mtoto akionekana mzima.

Basi si tumpe tu vidonge vya kuongeza damu? Hapa Pemba ina jambo la kuufundisha ulimwengu. Mwaka 2001 ilichapishwa habari ya jaribio la kisiwani humo: watoto wadogo waliopewa chuma walipiga hatua katika lugha na, wale wenye upungufu mkubwa wa damu, katika kutumia viungo. Likafuata jaribio kubwa zaidi, la maelfu ya watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35, waliopewa chuma na foliki asidi kila siku bila kuchagua nani anapungukiwa. Agosti 2003 utoaji huo ulisimamishwa. Matokeo yaliyotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa au kufa. Walipochambua kikundi kilichopimwa damu mwanzoni, wenye upungufu walikuwa wamefaidika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani sasa unataka chuma katika maeneo ya malaria kiende pamoja na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Kidonge kilekile kwa mtoto mmoja kilikuwa dawa, kwa mwingine mzigo.

Kwa chakula hatari hiyo haipo. Dagaa anayeliwa mzima na kichwa chake, maini, kunde na mchicha uliokamuliwa limau hujenga akiba polepole. Ila chai ihamishwe mbali na mlo, kwani huzuia chuma kisinyonywe, na watoto wetu wengi huteremshia chakula kwa chai.

Je, wajua kwamba vitamini nazo huumiza? Kanada, mwaka 1984, watoto wenye tatizo la umakini walipewa vitamini kwa dozi kubwa mno. Umakini haukuongezeka, ila asilimia 42 walionyesha dalili za ini kusumbuka. Na Marekani, zinakotoka baadhi ya chupa hizi, sheria ya mwaka 1994 haimlazimu mtengenezaji kuthibitisha kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla ya kukiuza. Geuza kopo, utaona nyuma kwa herufi ndogo kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Mbele pamechorwa ubongo unaong'aa.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, peleka kliniki orodha ya kila unachompa mtoto, dawa ya kienyeji ikiwemo. Omba apimwe feritini, minyoo, masikio na macho. Kama anatumia dawa ya ADHD, usiikatize ili kujaribu kopo.

Na vidonge vya damu, hata vile vya mama mjamzito, vifungie juu kabisa. Vingi ni vyekundu na vina ladha ya sukari kwa nje. Vidonge kumi vinaweza kumweka hatarini mtoto wa kilo 10. Akivimeza atatapika, kisha baada ya saa chache anaweza kuonekana amepona kabisa, wakati ini linaharibika. Usingoje kuona. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, na uende na pakiti mkononi.