Banda la Moshi na Haki ya Jirani

Baadhi ya ndugu zetu wenye maduka na viwanda huona haya kumkataza mtu kuvuta sigara ndani. Wengine, wakiambiwa waweke banda la wavutaji nje, hujibu kwamba kufanya hivyo ni kusaidia maovu. Sisi twaona ya kuwa wote hao wamemsahau mtu mmoja: yule asiyevuta, naye huuvuta moshi wa mwenziwe kutwa nzima, apende asipende.

Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kudhuru na kudhuriana. Tena amemzuia aliyekula kitunguu thomu kibichi asiukaribie msikiti, kwa sababu harufu yake huwaudhi wengine. Ikiwa hayo ni katika kitunguu, nacho ni chakula cha halali, tuseme nini juu ya tumbaku? Shirika la Afya Duniani lasema kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni 1 hawakuvuta, bali walidhuriwa na moshi wa wengine. Wala kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi kuwakinga.

Basi moshi na utolewe nje. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kuvuta sigara mahali pa kazi. Huko England, katazo kama hilo lilianza tarehe 1 Julai 2007. Mwenye kazi halazimishwi na sheria hiyo kujenga banda. Lakini akijenga lenye paa, sharti uwazi wa kando usipungue nusu ya kuta zake, na milango na madirisha yanayofungika hayahesabiwi kuwa ni uwazi. Hekima yake ni dhahiri: banda lililozibwa ni chumba kingine cha moshi.

Nasi twawausia wenye kazi: banda liwe wazi, liwe mbali na milango, madirisha na mahali pa kusalia, na liwe na chombo cha majivu. Lisiwe baraza ya starehe, yenye viti na gumzo, hata kijana asiyevuta akatamani kukaa. Banda la namna hiyo halimtukuzi mvutaji; ni mpaka wa kuwahifadhi wengine. Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya aliowachunga.

Nanyi vijana mliokwisha kunaswa, banda si ruhusa. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameiharamisha sigara, kwani mwili ni amana. Mwenye kuiacha, baada ya mwaka mmoja tu, hatari yake ya maradhi ya moyo hushuka hata karibu na nusu ya ile ya mvutaji. Bora ya mabanda ni lile litakalobaki tupu kwa kukosa wa kuingia.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.